Nani Kakwambia, Naye Kaambiwa na Nani

Sheikh Ahmad hazeeki. Mwaka 1880 alikuwa mtumishi wa kaburi la Mtume Muhammad (s.a.w.) mjini Madina, akaota ndoto. Mwaka 1908 alikuwa bado mtumishi palepale, akaota ndoto ileile. Leo, katika kundi lolote la WhatsApp la msikiti au la ukoo, liwe la Idete katika bonde la Kilombero, la Tanga au la Muscat, bado yuko zamu, na ndoto yake inakuja na agizo lilelile: wapelekee wenzako upate heri, ukiipuuza utapatwa na msiba.

Maneno hupunguzwa na kuongezwa, lakini umbo la wasia huo halibadiliki sana. Mtume anamjia sheikh usingizini. Anamweleza kwamba Waislamu maelfu wamekufa katika siku chache na karibu wote wamekufa bila imani. Anamtajia dalili za Kiyama na kumwamuru awaonye watu watubu. Kisha zinafuata ahadi: atakayeinakili barua na kuipeleka mji mwingine atajengewa kasri peponi, akiwa maskini atatajirika, akiwa na deni litalipwa, atakayeizuia atakosa shufaa. Nakala ya 1880 ilisambaa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na Mholanzi Snouck Hurgronje akaitafsiri na kuichambua mwaka 1884. Ile ya 1908 ilitua Lindi.

Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi wakati huo, waliipokea kwa hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Wapogoro na Wambunga walipolivamia boma la Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, ng'ambo ya mto Kilombero ukitokea Ifakara, wakiwa wamepewa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwa itageuza risasi. Habari ya dawa hiyo nayo ilikuwa imesafiri kwa mdomo, kwa kunong'onezana, kutoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale hadi mabondeni. Kwa hiyo serikali ilipoona karatasi ya Kiarabu ikipita mkono kwa mkono pwani nzima na kuingia bara, ikaona Vita vya Maji Maji vikirudi. Ikamshuku Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, tajiri aliyewahi kutamba Ujiji na sasa akiishi Unguja. Miaka michache baadaye mtaalamu wa Kijerumani Carl Heinrich Becker aliichapisha barua hiyo pamoja na maelezo yake. Maofisa walikuwa na swali moja, swali la kipolisi: nani kaituma, na anataka nini?

Swali la wanazuoni wa hadithi ni la aina nyingine, na ni gumu zaidi kulikwepa. Sheikh Ahmad huyu ni Ahmad bin nani? Alizaliwa lini na alisoma kwa nani? Nani alikaa naye Madina akaisikia ndoto hiyo kinywani mwake? Huyo aliyeisikia alimsimulia nani, na huyo wa pili kumbukumbu yake ilikuwaje? Barua haijibu hata moja kati ya maswali haya. Ina mtu mmoja kileleni asiye na baba wala mwaka, na chini yake umati usio na majina. Rashid Rida, aliyelianzisha jarida la al-Manar mjini Cairo mwaka 1898, aliikanusha. Zikapita miaka mingi, na Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia naye akaona haja ya kuiandikia waraka wa kuipinga. Kumpinga mtu asiyekuwepo ni kazi isiyo na mwisho.

Hoja ya kuuliza majina ina historia yake. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 728, amenukuliwa akieleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizana habari za wapokezi. Fitina ilipozuka baina ya Waislamu ndipo wakaanza kumtaka kila anayesimulia awataje watu wake, ili wajue ni wa kuchukuliwa au wa kuachwa. Yaani sanadi, mnyororo wa majina ya wapokezi, ilitokana na kuvunjika kwa uaminifu. Jamii iliyokuwa ikiaminiana iligundua kuwa kila kundi lina sababu ya kumsemea Mtume, na ikalazimika kutafuta mizani. Tena habari hii ya Ibn Sirin yenyewe imo katika utangulizi wa Sahihi ya Muslim, na Muslim anaileta pamoja na sanadi yake. Angeanzaje kitabu cha namna ile kwa maneno yasiyo na mwenyewe?

Karne zilipopita, kazi hiyo ikawa elimu yenye istilahi na ngazi zake. Ibn al-Salah, aliyefundisha Dameski na kufariki mwaka 1245, aliyaweka pamoja masharti ambayo wanafunzi wa madrasa huyakariri mpaka leo: mnyororo wa wapokezi usikatike, kila mmoja awe mwadilifu, kila mmoja awe na hifadhi madhubuti, ya kichwani au ya maandishi, habari isiwe ya kutengana na walio imara zaidi, na isiwe na ila iliyojificha. Hadithi ikitimiza yote ni sahihi. Hifadhi ya mpokezi ikipungua kidogo huwa hasan. Sharti likianguka ni dhaifu, na udhaifu nao una daraja zake, mpaka kufikia ile ya kuzuliwa, ambayo si hadithi kabisa ila imevikwa joho la hadithi.

Sharti la pili na la tatu ndiyo yaliyozaa maktaba nzima. Ili kujua kama mtu ni mwadilifu na ana hifadhi, lazima ujue alikuwa nani, na ndipo zikaandikwa tarajama za watu kwa maelfu: lini alizaliwa, safari gani alifanya, nani alimsifu, nani alimtilia shaka, lini uzee ulimharibu. Ibn Hajar wa Cairo, aliyefariki mwaka 1449, aliwafupisha wapokezi zaidi ya 8,000 katika kitabu kimoja na kuwapanga katika daraja 12, kutoka kwa masahaba hadi kwa waongo. Abdullah bin Lahia, kadhi wa Misri wa karne ya nane, ni mfano mzuri wa ukali wa mizani hiyo. Hakuna aliyemwita mwongo. Lakini inasemwa vitabu vyake viliungua, akawa anasimulia kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ikamchanganya. Basi wanazuoni wengi wakatenganisha waliomsikia kabla na waliomsikia baada. Mtu mmoja, jina moja, na thamani mbili kulingana na mwaka.

Waongo waliokusudia walikuwepo pia. Maarufu kuliko wote labda ni Ghiyath bin Ibrahim, aliyeingia kwa Khalifa al-Mahdi wa Baghdad akamkuta akicheza na njiwa. Ipo hadithi inayoruhusu mashindano yenye zawadi katika mishale, ngamia na farasi. Ghiyath aliisimulia papo hapo na kuipachika neno moja la ziada, mabawa, ili njiwa wa mfalme wapate nafasi. Inasimuliwa kwamba khalifa alimpa fedha zake, kisha alipoondoka akasema kisogo kile ni cha mwongo, akaamuru njiwa wachinjwe. Maskini njiwa, hawakuwa na kosa.

Ila mwongo wa namna ya Ghiyath ni rahisi kumshika, kwa kuwa faida yake inaonekana. Waliowasumbua wanazuoni zaidi walikuwa watu wema. Yahya bin Said al-Qattan wa Basra alilalamika kwamba hakuwaona watu wa ibada wakiteleza katika jambo lolote kama wanavyoteleza katika hadithi, na Muslim akafafanua kuwa uongo hupita ndimini mwao bila wao kuukusudia. Wengine waliukusudia, kwa nia njema. Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw, anatajwa kuwa alizua fadhila za sura za Kurani moja baada ya nyingine kwa kuwa aliona watu wameshughulika na fikihi wakakiacha Kitabu. Hapa ndipo Sheikh Ahmad anapopata jamaa zake. Anayeusambaza wasia wake leo hatafuti fedha ya mfalme. Anataka shangazi yake aswali. Uzuri wa kusudio ndio unaomzuia mtu kuuliza swali, na ulamaa walilijua hilo karne kumi na mbili zilizopita.

Ibn al-Qayyim wa Dameski, aliyefariki mwaka 1350, aliorodhesha alama ambazo kwazo habari ya kuzuliwa hujulikana hata kabla ya kuitazama sanadi. Mojawapo ni thawabu kubwa mno kwa tendo dogo mno. Kasri peponi kwa kunakili barua? Angeikataa kabla hajaimaliza.

Wanazuoni hawa hawakuzisamehe hata hadithi zinazowasifu wao wenyewe. Kuna kisa kinachopendwa sana kwenye darsa: Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main waliswali msikiti wa Rusafa mjini Baghdad, akasimama mhadithiaji na kuanza, amenisimulia Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main, akamwaga maajabu ya ndege na thawabu. Wawili hao wakatazamana. Alipomaliza kukusanya vijisenti, Yahya alimwita na kumwambia kwamba yeye ndiye Yahya na huyu ndiye Ahmad, na hawajawahi kusikia hayo. Mhadithiaji hakutetereka: akawauliza kama wanadhani duniani hakuna Yahya wala Ahmad mwingine, yeye ameandika kutoka kwa kina Ahmad bin Hanbal kumi na saba. Kisa kitamu. Lakini al-Dhahabi, bingwa wa tarajama aliyefariki mwaka 1348, alipokileta alitahadharisha kuwa msimulizi wake hamjui na kwamba anachelea asije akawa amekizua. Na kile kingine cha Bukhari kufika Baghdad akajaribiwa kwa hadithi 100 zilizochanganywa sanadi, akazirudisha kila moja mahali pake? Ibn Adi anakisimulia kutoka kwa masheikh kadhaa bila kuwataja majina, na wapo waliolinyoshea kidole hilo. Elimu inayoweza kutilia shaka ngano za mashujaa wake inastahili kusikilizwa.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahadithi hawakuukubali msimamo huo. Kwao wingi wa wasemaji ni hoja pale tu unapokuwepo tangu juu. Habari iliyopokewa na masahaba wengi, kisha wengi kutoka kwao, mpaka isiwezekane kwamba wote wamekula njama, huitwa mutawatir, na mfano wake wa kawaida ni onyo la Mtume dhidi ya anayemzulia uongo kwa makusudi, ambalo wamelihesabu kwa masahaba zaidi ya 60. Kwa upande wa pili ipo hadithi ya matendo na nia, ile ambayo hakuna khatibu wa Kiswahili asiyeijua. Ndiyo ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari, kitabu chenye hadithi 7,563 kwa hesabu inayotumika sana, marudio yakiwemo. Kwa njia iliyothibiti, aliyeipokea kwa Mtume ni Umar bin al-Khattab peke yake. Kwa Umar ni Alqama peke yake. Kwa Alqama ni Muhammad bin Ibrahim peke yake. Kwake yeye ni Yahya bin Said al-Ansari peke yake. Baada ya Yahya ikamiminika kwa mamia. Mamia hao hawakuiongezea uzito hata chembe. Uzito wake wote umo katika majina manne, na kwa kuwa manne hayo ni imara, hadithi ni sahihi. Ujumbe uliotumwa mara milioni moja ukiwa kileleni hauna mtu, kwa mizani hii, hauna hata mmoja.

Idete yenyewe imewahi kutoa habari iliyopitishwa katika mizani ya namna hii, ingawa haikuwa ya dini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha Ifakara, pamoja na wenzao wa Hispania na Uswisi, waliijaribu kijijini hapo chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Elkin Patarroyo wa Colombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliingizwa katika jaribio; baadhi walichomwa chanjo, wengine sindano isiyo na chanjo, na wazazi na madaktari hawakujua nani kapata ipi. Oktoba 1994 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo: kinga ya asilimia 31. Habari kutoka kijiji cha wakulima wa mpunga, chini ya milima ya Udzungwa, ikasomwa na dunia nzima. Nchini Colombia kwenyewe jaribio la awali lilikuwa limetoa kinga ya karibu asilimia 39, kwa hiyo ilionekana imepata shahidi.

Watafiti wa Idete walifanya jambo ambalo mhadithi angelipongeza: walitaja na udhaifu wa habari yao. Waliandika kwamba kinga halisi ingeweza kuwa popote kati ya sifuri na asilimia 52. Wapokezi walikuwa waadilifu, kumbukumbu zao zilikuwa kwenye karatasi, mnyororo haukukatika. Mwaka 1995 ikaja habari ya Gambia: asilimia 8, kiwango kisichotofautika na kinachoweza kutokea kwa bahati tu. Mwaka 1996 ikaja ya Thailand: hakuna kinga. Mwaka 1999 watafiti wa Ifakara walewale wakatoa matokeo ya watoto wachanga wa bonde hilohilo la Kilombero: asilimia 2. SPf66 ikawekwa kando.

Hakuna aliyesema Idete walidanganya. Hapo ndipo sharti la nne la Ibn al-Salah linapoonekana lilivyo na akili. Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, alieleza kwamba habari ya kutengana si ile ambayo mwaminifu kaisimulia peke yake. Ni ile ambayo mwaminifu kawapinga walio imara au wengi kuliko yeye. Ukweli wa mtu hauhakikishi usahihi wa habari yake. Ali bin al-Madini, mwalimu wa Bukhari, naye alishikilia kwamba makosa ya mlango wa elimu hayajulikani mpaka njia zake zote zikusanywe pamoja, na kukusanya njia ndiko kulikoiangusha chanjo ile. Hata hatua ya kati ilifanana: kabla ya kuipendelea habari moja, wahadithi hutaka kwanza ijaribiwe kupatanishwa na nyingine. Watoto wa Gambia walikuwa wa miezi 6 hadi 11, wa Idete walikuwa wakubwa zaidi. Je, umri haukutosha kueleza tofauti? Lilikuwa swali halali, likaulizwa, mpaka taarifa zilizofuata zilipoelemea upande mmoja.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na ni vizuri kuutaja. Jaribio la Idete liliweza kurudiwa Gambia. Neno lililosemwa Madina mwaka 625 halirudiwi. Kilichobaki ni ushahidi wa waliosema wamesikia. Ndiyo maana wapo wasomi wa Ulaya waliouona mnyororo wenyewe kuwa jambo la kushukiwa. Joseph Schacht, katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu asili ya sheria ya Kiislamu, alidai kwamba sanadi nyingi zilirefushwa kurudi nyuma ili kuzipa rai za baadaye heshima ya Mtume. Harald Motzki wa Ujerumani baadaye alilipunguza makali dai hilo kwa kuzichambua sanadi na matini, yaani maneno yenyewe ya habari, kwa pamoja, hasa katika mkusanyo wa Abdurrazaq wa Sanaa, akaonyesha kwamba habari nyingi zinaweza kufuatiliwa nyuma zaidi ya alikokubali Schacht. Kwamba sanadi inaweza kughushiwa si ugunduzi wa Ulaya. Wezi wa hadithi wana jina lao katika vitabu vya zamani. Mabishano ya kweli ni juu ya kiasi.

Waislamu wenyewe hawatumii vitabu vilevile. Waibadhi wa Oman na Zanzibar huutanguliza mkusanyo unaonasibishwa kwa al-Rabi bin Habib, na Washia, ambao Bilal Muslim Mission imekuwa ikiwafundisha nchini Tanzania tangu miaka ya 1960, huanza na al-Kafi ya Kulayni. Majina katika minyororo yanatofautiana, na nani mwadilifu ni swali lililotiwa siasa tangu siku ya fitina. Kuulizia majina hakukwepwi na yeyote kati yao.

Tatizo linalomgusa muumini wa kawaida wa bonde la Kilombero liko karibu zaidi. Kuna maneno mazuri, yenye manufaa, yanayosemwa kuwa ya Mtume na ambayo hayakuthibiti. Hilo la kutafuta elimu hata China ndilo bingwa wa hotuba za mahafali. Ibn Hibban aliliita batili, na Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 1201, akaliweka katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Bondeni, ambako Wachina wenyewe walikuja kujenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, msemo huo una utamu wa ziada. Sehemu yake ya pili, kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa Mwislamu, ina njia nyingi dhaifu zilizowafanya baadhi ya wanazuoni waikubali kwa jumla yake. Sentensi moja, nusu mbili, hukumu mbili. Kupenda nchi kuwa ni katika imani ni neno jingine la majukwaani lisilo na asili katika hadithi. Al-Sakhawi, mwanafunzi wa Ibn Hajar aliyefariki mwaka 1497, aliona maneno ya namna hii yamejaa ndimini mwa watu wa zama zake kiasi cha kuyaandikia kitabu kizima, akilichukua kila moja na kueleza lina asili au halina.

Hukumu kwamba neno halikuthibiti hailifanyi neno kuwa uongo. Elimu ni ya kutafutwa, na aendaye China kuitafuta hana dhambi. Kinachokataliwa ni kumtia Mtume kinywani maneno ambayo haijulikani kama aliyasema. Tofauti hii inapotea pande zote mbili. Wapo wanaochukia kusikia kwamba neno walipendalo halina sanadi, wakidhani wamenyang'anywa maana yake. Wapo pia, hasa tangu vijana wa mwamko wa Ansari Sunna walipoanza kusikika miskitini, wanaolitumia neno dhaifu kama rungu, kana kwamba dhaifu na ya kuzuliwa ni kitu kimoja.

Ugomvi huo huonekana waziwazi makaburini. Katika sehemu nyingi za pwani na bara, maiti akishafukiwa, sheikh huketi kichwani pake na kumsomea talkini, akimkumbusha majibu atakayowapa malaika. Asili yake ni hadithi ya Abu Umama iliyopokewa na al-Tabarani, mwanazuoni wa karne ya kumi. Ibn al-Qayyim alisema haijathibiti kwa Mtume. Ibn al-Salah alikubali kwamba sanadi yake haisimami vizuri, ila akaona inapata nguvu kwa mambo mengine yanayoiunga mkono na kwa desturi ya watu wa Shamu tangu kale. Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi Afrika Mashariki, aliujua udhaifu huo na bado akaipendekeza. Hivyo kijana anayesema hadithi hii ni dhaifu amesema kweli, na mzee anayeketi kusoma hakuzua dini. Wote wawili wana imamu nyuma yao. Kinachokosekana mara nyingi ni mmoja wao kujua kwamba mwenzake anaye.

Siku hizi kijana wa Ifakara mwenye simu anaweza kupakua maktaba ya al-Shamila bure na kutafuta jina la mpokezi ndani ya dakika, ilhali sahaba Jabir bin Abdullah alifunga safari ya mwezi mzima hadi Shamu kwa ajili ya hadithi moja. Uwezo huo si mdogo. Lakini programu humletea alichosema al-Dhahabi juu ya mtu fulani, haimwambii kwa nini Ibn Hajar alisema tofauti, wala haimwonyeshi kwamba al-Dhahabi huyohuyo aliandika hajui mwanamke mpokezi aliyetuhumiwa kuzua hadithi, kauli ambayo ingewashangaza wengi wanaodhani elimu hii ilikuwa ya wanaume tu. Nakala ya Bukhari iliyoheshimiwa sana Makka katika karne ya 11 ilikuwa ya bibi Karima wa Marw, na wasomi walifunga safari kwenda kuisoma mbele yake.

Nawawi aliacha kanuni nyingine ambayo haihitaji maktaba wala simu. Aliwalaumu waandishi na wahubiri wanaosema Mtume amesema, au Mtume ameamrisha, wakati hadithi yenyewe ni dhaifu. Kwa dhaifu, alitaka waseme imepokewa, au inasimuliwa, na kauli ya kukata iachiwe iliyo sahihi au hasan. Ibn Hajar naye, alipowaruhusu watu kuzitumia hadithi dhaifu katika kuhimiza mema, aliweka masharti: udhaifu usiwe mkubwa, jambo lenyewe liwe chini ya msingi uliokwisha kuthibiti, na anayetenda asiitakidi kwamba limethibiti kwa Mtume. Sharti hilo la mwisho linaweza kutimizwa mimbarini kwa kubadilisha kitenzi kimoja. Katika hotuba za Ijumaa za Kiswahili, kitenzi hicho ni nadra kukisikia.